Twiga anatoka safi, nyati anatoka jiwe jeusi lisilo na macho. Kosa ni langu au la nyati?

#1 Chalii wa Sakina
Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi tuliingia Hifadhi ya Taifa Arusha, jamaa watano, tumechangishana mafuta ya Noah ya shemeji, ile yenye kidirisha juu ya paa. Kiingilio cha raia ni cha shilingi na hakiumizi. Watu wa hapa mjini acheni kusubiri mpaka mpate mgeni wa Dar ndio mkumbuke kwamba mna hifadhi.

Nina kamera ya mtumba, Canon, na lenzi ya 75-300. Twiga wametoka safi, pundamilia safi, mbega safi, hata digidigi ambaye ni mdogo kama mbuzi wa wiki mbili ametoka na kope zake. Shida ni nyati. Nina picha 64 za nyati na zote ni jiwe jeusi lenye pembe. Jicho hamna, manyoya hamna. Shemeji kaangalia simu akauliza, "Hili nalo ni gogo?"

Kuna mmoja pale ukingoni mwa maziwa ya Momella alinikodolea dakika kumi nzima, umbali wa mita 25 hivi. Mimi namwona macho yake vizuri kabisa, ila kwenye picha hayapo. Ilikuwa kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana, jua kali, nimetoa mwili juu ya paa.

Babu yangu wa Nkoaranga anasema nyati hapendi kuonekana. Lakini babu huyo huyo anasema redio inachoka ukiisikiliza sana. Naombeni wajuzi.

#2 Mpita Njia
Uzi wa picha bila picha? Tupia.

#3 Chalii wa Sakina
Nimetupia tatu. Ya kwanza nyati na ziwa nyuma yake. Ya pili ni yule dume aliyenikodolea, kichwa na kifua. Ya tatu kundi lipo mbali kule Serengeti Ndogo, ule uwanda wa nyasi humo humo hifadhini.

#4 Fundi wa Kibosho
Mkuu, kamera yako haijaharibika, imedanganywa. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui nyati ni nini. Kinaamini kila kitu duniani, ukikichanganya, kinatoka kijivu cha kati. Ukijaza fremu na mnyama mweusi, kinasema, "Hapa giza limezidi," kinaongeza mwanga. Matokeo yake nyati anapauka kama mkaa uliomwagiwa majivu, na anga inaungua yote. Dawa: kitufe cha jumlisha na toa, weka toa moja au theluthi mbili. Nyati atarudi kuwa mweusi wenye manyoya.

#5 Binti Tengeru
Kaka Fundi, samahani. Mtu analalamika picha nyeusi tii, wewe unamwambia apunguze mwanga tena? Itakuwa picha ya usiku hiyo.

#6 Mpita Njia
Hahaha, Moshi mmeshindwa mapema.

#7 Fundi wa Kibosho
#5 dada, angalia picha ya pili tena, usiangalie ya kwanza. Ya pili siyo nyeusi, imepauka. Jamaa kasema zote ni jiwe jeusi lakini macho yake yamechoka na hasira. Ile ya pili ndiyo ninayoitibu.

#8 Binti Tengeru
Nimeangalia. Ya pili kweli imepauka, nakupa hiyo. Lakini ya kwanza ni ugonjwa wa pili, kinyume chake. Nyati mdogo kwenye fremu, nyuma ziwa linang'aa kama bati jipya. Hapo kamera imesema, "Mwanga umezidi," ikabana, nyati akazimika. Pale anatakiwa kuongeza, jumlisha moja au zaidi, ziwa likiungua liungue. Kwa hiyo dawa ya Fundi ukiinywa kwa ugonjwa wa picha ya kwanza unakufa.

Mimi napiga harusi, si wanyama. Bwana harusi suti nyeusi, bibi harusi gauni jeupe, kanisa lina madirisha nyuma yao. Ni nyati na yangeyange wake kila Jumamosi.

#9 Chalii wa Sakina
Ngoja kwanza. Kwa hiyo picha moja niongeze, nyingine nipunguze, na mnyama ni yule yule?

#10 Fundi wa Kibosho
Ndiyo. Angalia mnyama anachukua sehemu gani ya fremu na nyuma yake kuna nini. Na dada wa Tengeru kasema kweli kuhusu yangeyange. Ndege mweupe juu ya mgongo mweusi, hapo hata malaika angepiga picha mbili. Mimi huwa namwokoa ndege, maana cheupe kikishaungua hakirudi, cheusi unaweza kukivuta kidogo ukipiga picha ghafi badala ya zile zilizokwisha kubanwa na kamera.

#11 Dereva Mstaafu
Vijana, hamjambo. Nimeendesha watalii miaka ishirini na saba, nilianza na Land Rover ya kurukisha figo. Sikuwahi kuwa mpiga picha, ila nimekaa mbele ya wapiga picha kuliko mnavyodhani, nikasikia wakilia na wakicheka.

Kamera acheni kwanza. Someni saa aliyotaja. Saa sita na nusu mpaka saa nane! Sisi tuko digrii tatu na kitu kusini mwa ikweta. Jua la saa hizo linasimama utosini. Sasa mwangalieni dume la nyati alivyoumbwa: pembe zimeungana pajini kama kofia ya askari wa zamani, na macho yako chini ya ile kofia, pembeni. Jua likitoka juu, kofia inamwaga kivuli moja kwa moja machoni. Utaongeza, utapunguza, jicho halina mwanga wa kung'aa, basi. Twiga macho yake yako nje nje, ana kope na uso wa rangi ya mchanga, jua la mchana linampiga na bado anaonekana. Ndiyo maana twiga wako wametoka.

La pili, umesimama juu ya paa. Kila mgeni anapenda kusimama, anajiona rais. Ukimpiga nyati kutoka juu unapiga kofia na mgongo. Nilikuwa na Mjerumani mmoja mzee, tulishuka naye kreta ya Ngorongoro siku nne. Wageni wengine wote wamesimama, yeye anakaa sakafuni kwenye Landkruza, dirisha limeshushwa, kamera imelala juu ya mfuko wa maharage. Nikamuuliza, mzee unaumwa? Akasema anataka nyati amwangalie yeye, si yeye amwangalie nyati. Siku ya tatu asubuhi akapata dume mzee, tope limekauka usoni limepasuka kama ardhi ya kiangazi, jicho moja lina tone la mwanga. Alinionyesha kwenye kioo cha kamera. Nilikaa kimya, na mimi si mtu wa kukaa kimya.

Kwa hiyo: saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa tatu, halafu saa kumi jioni kuendelea. Katikati ya hapo kula chakula chako.

#12 Mama Neema
Shikamoo Dereva. Huo mfuko wa maharage ni maharage kweli au ni lugha yenu?

#13 Dereva Mstaafu
#12 Marahaba mama. Ni maharage kweli. Au mchele. Kamfuko ka turubai kilo mbili tatu, unakalaza kwenye ukingo wa paa au dirishani, lenzi inatulia kama mtoto mgongoni.

#14 Mama Neema
Sasa nimeelewa. Mume wangu aliniambia kilo tatu za soya njano "zimekwenda kazini". Nilidhani ana mtu.

#15 Mpita Njia
Uzi umeanza kunoga.

#16 Mjukuu wa Meru
Naunga mkono hoja ya mzee #11 kuhusu asubuhi, ila jioni napinga kwa hifadhi hii. Kanuni ya jioni ni ya Serengeti na Tarangire. Momella iko upande wa mashariki wa Mlima Meru. Mlima una mita 4,566, jua linazama nyuma yake. Nimezaliwa upande ule, naijua ile baridi: wenzenu wa mjini bado mnaona jua, sisi tumeshawasha moto. Ukisubiri dhahabu ya saa kumi na mbili jioni pale Momella utapata kivuli cha Meru.

Asubuhi ndiyo penyewe. Jua linatoka upande wa Kilimanjaro, halizuiwi na kitu isipokuwa mawingu, na kukiwa kweupe unapata Kibo nyuma ya nyati.

#17 Fundi wa Kibosho
Kibo ni yetu. Mnaruhusiwa kuitumia kwa nyuma tu.

#18 Mjukuu wa Meru
Nyie mna mlima, sisi tuna mtazamo. Kutoka Moshi mjini mmeuona lini mara ya mwisho? Umejifunika gubigubi kama mgonjwa.

#19 Chalii wa Sakina
Wakuu, turudini kwa nyati. Mzee #11 shikamoo, nimekuelewa. Lakini kama ni kivuli cha pembe, mbona mimi kwa macho yangu nilimwona macho?

#20 Binti Tengeru
Kwa sababu jicho lako lina akili kuliko kamera ya mtumba. Ukimtazama usoni, mboni yako inafunguka, ukitazama ziwa inajifunga, ubongo unaunganisha. Kamera inachagua mara moja tu. Halafu yeye alikuwa anacheza masikio, anapepesa, kilichokuonyesha jicho ni ule mchezo. Picha haina mchezo.

#21 Mtaalamu wa Vitu Vyote
Hapana jamani. Ni joto. Saa saba mchana hewa inacheza juu ya ardhi, mnaona kama maji barabarani. Hakuna lenzi inayopenya hiyo. Hata ungekuwa na lenzi ya milioni kumi na tano.

#22 Fundi wa Kibosho
#21 kwa picha ya tatu nakubali kabisa, lile kundi la mbali limekuwa uji. Lakini mita 25? Hewa haichezi kiasi hicho kwa mita 25. Ukivuta picha ya pili utaona nyasi za mbele ya kifua zinakata kama wembe, uso umelala. Hiyo ni fokasi imeshika nyasi. Kamera za zamani hupenda kitu chenye michirizi, na nyati mweusi hana michirizi. Weka nukta moja ya fokasi, iweke jichoni. Ukikosa jicho, weka ukingo wa pembe karibu na jicho. Usiweke puani. Pua yake imelowa inang'aa, inaita fokasi kama taa inavyoita kumbikumbi, halafu jicho lipo nyuma huko.

Na swali: injini ilikuwa imezimwa?

#23 Chalii wa Sakina
Hapana. Shemeji alikataa kuzima. Alisema nyati akija anataka kuondoka naye akiwa bado hai.

#24 Dereva Mstaafu
Hahaha. Shemeji ana watoto wa kulea, msimlaumu. Lakini Noah inayonguruma na watu watano wanahema ndani yake, kamera mkononi kwenye 300, picha itatulia wapi? Gari likisimama, zima, hesabu mpaka thelathini, gari litulie na abiria watulie. Hata nyati naye anatulia. Gari linalonguruma kwake ni kama mtu anayemtolea pumzi mlangoni.

#25 Mwalimu wa Baiolojia
Nimefika. Kwanza nisahihishe jambo. Mleta mada ameandika "yule dume" kwenye maelezo ya picha ya pili. Huyo ni jike. Pembe zake ni nyembamba na pajini hazijaungana, kuna nywele katikati. Dume mzima pembe zimeungana kuwa ngao moja. Kwa hiyo nadharia ya kofia ya Dereva, nzuri sana, lakini kwa picha hii kofia haipo.

#26 Mpita Njia
Weweee!

#27 Dereva Mstaafu
Mwalimu amenipata. Nilisoma maandishi nikaacha kuangalia picha, kama mtahiniwa mvivu. Ila jua la utosini bado lipo, hata jike ana nyusi.

#28 Mwalimu wa Baiolojia
Na rangi pia ni hoja. Ndama ana wekundu wa kahawia. Madume huzidi kuwa meusi kadiri wanavyokua, na wakizeeka manyoya yanapungua ngozi inaonekana kijivu. Wale wazee wawili watatu waliojitenga na kundi ndio wazuri wa kupigwa picha, usoni wana historia nzima: makovu, sikio limechanika, tope. Tope lenyewe ni hoja. Likiwa bichi linameza mwanga wote. Likikauka, hasa tope la Momella lenye majivu ya volkano, linampaka rangi ya kijivu na kila mkunjo unaonekana. Mleta mada, nyati wako alikuwa ametoka majini?

#29 Chalii wa Sakina
Ndiyo, alikuwa amelowa mpaka tumboni.

#30 Mwalimu wa Baiolojia
Basi na hilo limo. Rudi akiwa amekauka.

#31 Mtaalamu wa Vitu Vyote
Huyo hakuwa anakukodolea. Nyati haoni. Macho yake mabovu, anasikia harufu tu.

#32 Mwalimu wa Baiolojia
#31 pua na masikio ndiyo anayategemea zaidi, hilo kweli, utamwona anainua pua juu kama anatudharau wote. Lakini kusema haoni ni kumsingizia. Kuna Mholanzi, Herbert Prins, alichunguza nyati wa Ziwa Manyara miaka ya 1980. Aliona kwamba mchana kundi likiwa limelala, majike wazima huinuka mmoja mmoja, wanatazama upande fulani kwa muda, wanalala tena. Jioni kundi linaondoka kuelekea upande uliotazamwa na wengi. Yaani wanapiga kura kwa macho. Mnyama asiyeona angepigaje kura ya kutazama?

Kwa hiyo Chalii, huenda yule jike hakukukodolea wewe kabisa. Alikuwa anapiga kura, wewe umekaa mbele ya sanduku.

#33 Mpita Njia
Nyati wana uchaguzi wa amani kuliko vikoba vya mtaani kwetu.

#34 Mama Neema
Vikoba usitaje hapa tafadhali.

#35 Mgumu wa Meru
Mimi ni mpagazi, Meru na Kili. Kamera nilizobeba mgongoni ni nyingi kuliko nilizoshika. Mnamwongelea nyati mkiwa ndani ya gari. Njooni kwa miguu.

Ukipanda Meru kutoka geti la Momella unaongozana na askari mwenye bunduki, na sababu kubwa ni nyati. Mwaka juzi tulikuwa tunapanda kuelekea kibanda cha Miriakamba, ukungu mzito, mgeni mmoja kijana ana kamera kubwa. Askari akainua mkono, tukasimama. Mimi sikuona kitu. Harufu ya zizi ndiyo niliyoisikia kwanza. Halafu nikaona kwamba kichaka kilichokuwa mbele yetu kinatafuna. Dume, hatua ishirini, peke yake. Mgeni akaanza kupiga, kamera inalia tra-tra-tra-tra kama cherehani. Nyati akaacha kutafuna. Askari akamwambia kwa sauti ya chini, "Zima huo muziki." Tukarudi kinyumenyume, bila kumpa mgongo. Dume akatikisa kichwa, akaingia msituni bila haraka.

Zile picha jioni kibandani tuliziona. Kwenye ukungu ule, hakuna jua, hakuna kivuli, nyati alitoka na kila unywele. Macho mawili yanatuangalia mpaka mpishi akasema geuza hiyo kamera. Kwa hiyo mimi nasema dawa ni mawingu. Njooni Juni au Julai asubuhi, Arusha imefunikwa kama sufuria, wageni wanalalamika, nyati anapendeza.

#36 Binti Tengeru
#35 umeniua na "kichaka kinatafuna". Na una hoja, mawingu ni kama pazia jeupe la studio. Hata harusi za Julai zinanipa sura nzuri kuliko za Januari.

#37 Mtaalamu wa Vitu Vyote
Huyo askari angefanya nini? Nyati ndiye mnyama anayeua watu wengi kuliko wote Afrika. Ndiyo maana yuko kwenye Wakubwa Watano, kwa ukubwa na ukali.

#38 Dereva Mstaafu
Hapana mkuu. Wakubwa Watano ni orodha ya wawindaji wa zamani: simba, chui, tembo, faru, nyati. Walikuwa wanataja wanyama wagumu na wa hatari kuwawinda kwa miguu. Ingekuwa ukubwa, chui angeingilia mlango gani, na kiboko na twiga wangekosaje? Hiyo ya kuua wengi kuliko wote nimeisikia kwa nyati, nimeisikia kwa kiboko, inategemea mwongoza watalii amelala wapi jana yake. Nyati ni hatari, hasa dume mzee aliyejeruhiwa au aliyeshtukizwa kichakani, inatosha. Hana haja ya kuongezewa sifa.

#39 Mpita Njia
Mzee Dereva, nyie si mnaitwa magaidi?

#40 Dereva Mstaafu
Mgeni akiniita hivyo namsamehe, ndilo neno lake la Kiingereza la mwongoza watalii. Wewe Mswahili ukiniita gaidi nakuitia polisi.

#41 Vumbi Jekundu
Nimesoma uzi wote, naongezea la upande mwingine. Nilifanya kazi na kampuni moja, siitaji. Tajiri alikuwa anatwambia: mgeni akitaka nyati aangalie kamera, gonga mlango, washa injini ghafla, piga mluzi. Tulifanya. Siku moja Tarangire niligonga mlango, kundi la majike na ndama likatimka lote, ndama mmoja akabaki nyuma anazunguka kwenye vumbi analia. Mgeni alipata picha nzuri ya vumbi. Mimi usiku sikulala vizuri, na mwezi uliofuata niliacha kazi. Chalii, mnyama akiinua kichwa mwenyewe piga. Asipoinua, kunywa maji, ngoja.

Na usitoke barabarani kumfuata, na droni usithubutu kuingia nayo bila kibali.

#42 Dereva Mstaafu
#41 Nakazia.

#43 Mangi Mstarabu
Nauliza tu, mbona watu wa kaskazini kila siku Ngorongoro na Momella? Mkomazi iko hapo Same, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2008, nyati wapo, udongo mwekundu, nyati mweusi juu ya udongo mwekundu, nyuma milima ya Pare na Usambara. Tatizo lenu la nyuma kung'aa halipo. Na foleni ya magari hakuna.

#44 Fundi wa Kibosho
Mangi kaongea. Mandhari ya nyuma yenye rangi ya kati inamaliza nusu ya huu ugomvi.

#45 Mwalimu wa Baiolojia
Tukiwa kwenye Ngorongoro, wengi hawajui kwamba nyati kule kreta waliongezeka sana baada ya Wamaasai kuondolewa kreta mwaka 1974. Majani marefu magumu yakazidi, nyati ndiye anayeyaweza. Na kabla ya hapo, ugonjwa wa sotoka wa miaka ya 1890 ulifyeka nyati na ng'ombe pamoja. Chanjo za ng'ombe ndizo zilizowaokoa nyati wa Serengeti miaka ya 1960 wakaanza kuongezeka, na sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani 2011. Hizo picha zako 64 zina deni kwa daktari wa mifugo.

#46 Mpita Njia
Mwalimu, kengele imelia.

#47 Kijana wa Simu
Jamani mimi sina kamera, nina simu tu. Nikimpiga nyati simu inamgeuza kuwa kama mdoli wa plastiki.

#48 Binti Tengeru
#47 simu inampaka poda. Inajitahidi kung'arisha pale peusi, inalainisha. Mguse nyati kwenye kioo, shikilia kidole mpaka fokasi ijifunge, halafu shusha kile kijua kidogo. Na usivute kwa vidole, unakuza nukta tu, hukaribii. Piga pana, nyati awe mdogo, mlima uwe mkubwa.

#49 Fundi wa Kibosho
Chalii, jambo la mwisho. Lenzi ya mtumba, imulike na tochi kwa nyuma. Ukiona utando kama wa buibui ndani, ni kuvu. Inafifisha picha yote.

#50 Chalii wa Sakina
Nimemulika. Utando upo, pembeni.

#51 Mtaalamu wa Vitu Vyote
Nilijua! Tangu mwanzo ni lenzi.

#52 Mwalimu wa Baiolojia
#51 tangu mwanzo ulisema ni joto. Na kama ni kuvu, mbona digidigi ametoka na kope?

#53 Fundi wa Kibosho
Kuvu kidogo pembeni husumbua ukipiga kuelekea mwanga. Nyati alikuwa na ziwa linalong'aa nyuma. Digidigi alikuwa kivulini. Silazimishi, nasema tu. Ilete Moshi niisafishe.

#54 Chalii wa Sakina (wiki mbili baadaye)
Wakuu, nimerudi. Jana tumeingia geti lilipofunguliwa, saa kumi na mbili. Shemeji safari hii kakubali kuzima injini, ila funguo kazishika mkononi muda wote. Mawingu mpaka saa nne. Nimekaa sakafuni mwa Noah, dirisha chini, maharage ya mama yangu kilo mbili chini ya lenzi. Lenzi Fundi kaisafisha. Nimeweka toa theluthi mbili. Dume mzee, tope limekauka, ndege wa kula kupe kakaa shavuni kwake, wale wanaoitwa askari wa kifaru, mdomo mwekundu. Kichwa kainua mwenyewe. Tazameni.

#55 Mama Neema
Mungu wangu, hilo jicho!

#56 Mgumu wa Meru
Mawingu. Nilisema.

#57 Dereva Mstaafu
Hongera kijana. Angalia ulivyokaa chini, kofia haikufunika kitu. Hiyo ndiyo siri.

#58 Fundi wa Kibosho
Toa theluthi mbili, na lenzi safi. Watu wa Moshi hatusemi sana.

#59 Mwalimu wa Baiolojia
Tope kavu. Mkuze muone mikunjo. Na huyo ndege msimwonee huruma sana, anakula kupe lakini akipata kidonda anakidonoa kisipone, anakunywa damu.

#60 Binti Tengeru
Nyuma yake kuna msitu, si ziwa. Mngemweka mbele ya ziwa na toa yenu mngeniita.

#61 Chalii wa Sakina
Sasa ni kipi kati ya hivyo? Maana nilifanya vyote kwa pamoja.

#62 Mpita Njia
Rudi tena mara tano, kila mara uache kimoja.

#63 Chalii wa Sakina
Shemeji kasema Noah haiendi tena. Babu naye kaiona picha, kaitazama sana, akasema huyo siyo nyati wa Meru, amekuja tu.

#64 Kijana wa Simu
Samahani wakuu, na mbega je? Mweusi na mweupe kwa mwili mmoja, niongeze au nipunguze?

#65 Fundi wa Kibosho
Fungua uzi wako.